Gitaa la Swichi ya Feni

Wiki iliyopita uliniacha nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nje ya mlango wangu mwenyewe, nikimbembeleza mke wangu kupitia dirisha la jikoni. Kama hukuwepo, usisikitike. Hukukosa jambo la heshima.

Kwa ufupi, niliuza ovaloki ya mke wangu. Ile mashine ya kupigia pindo, ndiyo inayofanya shule tatu zimletee yeye sare na si fundi cherehani mwingine. Niliiuza akiwa ameenda kumuuguza shangazi yake, nikakodi spika mbili kubwa kama kabati za nguo kwa ajili ya onyesho langu la kurudi jukwaani.

Walikuja watu kumi na mmoja. Wanne kati yao walikosea ukumbi, walikuwa wanatafuta harusi.

"Ovaloki yangu irudi mezani kwangu Jumamosi kabla ya saa sita mchana," mke wangu alisema dirishani. "Isiporudi, naenda kwa kaka yangu, na sirudi."

"Siku mbili tatu hivi?" nikauliza.

"Nimesema sirudi. Kiswahili gani hicho hukijui?"

Nikakimbia kwa yule muuza vitu vilivyotumika, mzee tunayemwita Bwana Bado kwa sababu ukimuuliza lolote jibu lake ni hilo. Ovaloki imeuzwa? Bado. Utaniwekea? Bado sijajua. Mwishowe akakubali kuishikilia hadi Jumamosi saa sita, wala si dakika moja zaidi, maana kuna fundi wa kike anakuja kila siku kuipapasa kama anayechagua mtoto wa kulea.

Sasa mimi nina nini cha kuuza? Viatu vyangu vimekwisha soli. Jina langu halinunuliki, wiki mbili zilizopita lilivuta watu saba. Kikabaki kitu kimoja tu ambacho hata nikiwa na njaa sijawahi kukitazama kwa jicho la biashara.

Gitaa.

Ni gitaa la umeme la zamani, lina umri unaonizidi mimi. Nililirithi kwa baba yangu mdogo, mtu mpole aliyelipiga kanisani na kulifunika kwa taulo kila baada ya ibada. Alilitunza kama yai. Nami nilipolipata, ujana ukiwa umenipanda kichwani, nikalipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Nikabadilisha masikio ya kukazia nyuzi. Kovu moja nyuma yake nimeliziba kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Na mbele, pale pa swichi ya kiwandani, pamekaa swichi ya feni ya mezani, yenye namba zake kabisa: sifuri, moja, mbili, tatu.

Namba mbili nitaifikia. Niache nipumue kwanza.

Nikaandika tangazo kwenye simu, kwenye lile kundi la wapenda ala za muziki: *Gitaa la kale linauzwa. Ni lilelile, halijaguswa.*

Halijaguswa! Gitaa lililoguswa kuliko kitasa cha choo cha stendi.

Hata robo saa haijapita, simu ikalia. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuwaambia wengine wafungue mdomo.

"Wewe ndiye Vidole?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni daktari wa meno. Nakusanya magitaa ya zamani. Hilo unalouza, ndilo ulilokuwa ukipigia enzi zile?"

"Ndilo hilohilo."

"Nakuja Alhamisi. Usilifanye chochote. Hata vumbi usifute."

Mtu mwenye akili angetii. Mimi nikakaa kitandani nikajiuliza: huyu ni mtaalamu, akikuta rangi ya geti na swichi ya feni, na mimi nimeandika halijaguswa, si atanitangaza kundi zima? Njia ya mwongo ni fupi, naam, lakini mimi nikaona niirefushe kidogo kwa msasa.

Jumatano nzima nililigusa gitaa ili lionekane halijaguswa.

Nilikwangua kijani mpaka mikono ikawa kama ya mlisha ng'ombe. Nikalipaka vanishi. Nikang'oa swichi ya feni nikaitia mfukoni. Waya zilizokuwa zimeshikamana nayo, moja huku, moja kule, sikuzielewa hata kidogo, nikazikata zote kama ninayepalilia. Kisha nikaunganisha zile zilizobaki kwa kufuata picha niliyoiona kwenye simu.

Likapendeza. Wallahi likapendeza. Baba mdogo angelitambua.

Mke wangu alipita sebuleni, akalitazama gitaa, akanitazama mimi, akataka kusema neno. Akaona sistahili. Akapita.

Alhamisi daktari akaja. Mrefu, safi, kucha zimekatwa kama za mtoto wa shule siku ya ukaguzi. Alitoa mfukoni kile kioo kidogo cha kuchungulia meno ya nyuma, akavaa na taa kichwani. Nikadhani ananitania.

Hakuwa anatania. Aliligeuza gitaa, akalichungulia kila tundu. Kidole chake kikanasa kwenye vanishi. Akakivuta, kikatoa mlio mdogo wa aibu, ingawa aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Kwenye kona mke wangu alikuwa amekaa na rundo la sketi za shule, anapiga pindo kwa mkono, sindano inaingia na kutoka. Kazi ambayo ovaloki ingeimaliza kabla chai haijapoa, yeye alikuwa nayo siku ya nne. Hakuinua kichwa. Kila sindano ilipozama nilihisi inazama kwangu.

"Swichi ya feni iko wapi?" daktari akauliza.

"Feni gani, daktari?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwa nikisimama mbele ya jukwaa lenu kila Jumapili alasiri. Nilikuwa mwanafunzi, sina hata nauli ya kurudi. Kila ulipotaka kuwaua watu ulipeleka mkono pale, ukazungusha mpaka namba mbili. Ndipo ile sauti ilipotoka. Miaka kumi na tisa naitafuta sauti ile. Nimenunua magitaa ishirini na mawili. Hakuna lenye ile sauti."

Hapa ndipo kwenye namba mbili, msomaji wangu. Nimeikwepa kwa wiki nane za mkasa huu, leo sina pa kupita.

Ile sauti ilikuwa nyembamba, kama mtu anayeimba huku amebanwa pua, halafu imejaa majonzi, sijui yalikuwa yakitoka wapi. Watu wazima walilia. Mapenzi yalifungwa na kuvunjwa kwa sauti ile. Nami niliitwa Vidole kwa ajili yake. Watangazaji waliponiuliza redioni naitoaje, niliwanyanyulia mikono hewani, redioni, ambako hakuna anayeiona, nikasema, "Mungu alinipa vidole."

Nilisema hivyo huku najua. Sauti ilitoka kwenye waya. Gitaa lilikwenda kutengenezwa likiwa na sumaku moja mbovu, zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi kunasa sauti, likarudi na swichi ya feni na namba mbili. Vidole vyangu ni vya kawaida. Mwenye duka la dawa hapa mtaani ana vidole kama vyangu, naye anahesabia vidonge.

Lakini kumwambia daktari hivyo?

"Daktari, swichi ilikuwa pambo tu," nikasema. "Sauti ilikuwa vidole."

"Vizuri," akasema. "Piga."

Amplifaya ndogo ikawashwa. Nikakaa sawa, nikafumba macho kama zamani, nikapiga ule mwanzo uliokuwa ukiinua watu vitini.

Likatoka gitaa. Gitaa tu. Safi, zuri, la kanisani, la baba mdogo.

Nikafumbua macho. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kujisikia nikiupiga ule mwanzo bila namba mbili. Ndiyo siku niliyojisikia, na nikaona aibu. Si aibu ya kuchekwa, hiyo nimeizoea, inaniamkia kwa jina. Hii ilikuwa aibu ya mtu aliyejikuta kwenye kioo cha kinyozi amenyolewa upande mmoja, akakumbuka ametembea hivyo mji mzima.

Daktari akavua taa yake. "Kwa hali hii silinunui hata la kutundika. Nikitaka mbao, nitanunua meza. Nani alikuwekea namba mbili?"

Ningesema kweli pale, mkasa huu ungeishia hapo na ungekuwa umekwenda kusoma ukurasa wa michezo.

"Mimi," nikasema. "Niliweka mwenyewe."

Sindano ya mke wangu ikasimama hewani. Nikadhani uzi umekatika.

"Wewe mwenyewe?" daktari akauliza.

"Kwa mikono yangu hii."

"Basi rahisi. Irudishe. Na nikwambie jambo: mimi sinunui mbao wala rangi. Nanunua ile kazi. Nikimwona kwa macho yangu fundi aliyeifanya, akanieleza kwa mdomo wake alifanyaje, nitalipa papo hapo hata kabla hajashika chuma. Lakini fundi wa kweli namjua akifungua mdomo tu. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Jumamosi saa nne," nikasema, maana mdomo wangu ukishateleza hausimami mpaka ufike bondeni. "Njoo kwenye karakana ya shemeji yangu, fundi redio. Ndipo vilipo vifaa vyangu."

Bei aliyoitaja ingeikomboa ovaloki kwa Bwana Bado, tukabaki na ya kununua hata ya pili iwe inaangaliana nayo. Daktari akaondoka. Mke wangu akakata uzi kwa meno.

"Kwa mikono yako hiyo," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu dirishani. Nikalichukua kama dalili njema. Mnaniona nilivyo.

Sasa shemeji. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, na karakana yake ndiko gitaa lilikokwenda na sumaku mbovu likarudi na maajabu. Siku ile ya redioni nilimwahidi nitamtaja jina hewani. Alinunua shati jipya. Alikaa kwenye korido ya studio amepakata mfuko wa gitaa langu, akasikia kupitia spika ya ukutani Mungu akipewa sifa zote. Tangu hapo hajawahi kula nyumbani kwangu. Akija kumwona dada yake husimama mlangoni, hupokea maji, hunywa nusu.

Ijumaa asubuhi nikaenda na gitaa begani. Karakana ni chumba kimoja, redio zimepangwa mpaka darini, matumbo wazi. Alinikalisha kwenye kigoda. Akahudumia wateja watatu, mmoja wao alikuja kuuliza njia tu, na akamchorea ramani.

"Shemeji," nikasema hatimaye.

"Shemeji." Hakunitazama. "Nimesikia ovaloki imesafiri."

"Itarudi. Ila nahitaji mkono wako."

"Wangu? Si Mungu alikupa vidole?"

Nikayameza, maana niliyapika mwenyewe. Nikamweleza yote: daktari, namba mbili, saa nne, saa sita. Alisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye redio ambayo haikuwa na vumbi.

"Nitafanya," akasema. "Sharti moja. Uandike. Uandike kwa mkono wako kwamba ile sauti si yako. Kesho umsomee daktari wako mbele yangu. Halafu uitoe na kwenye gazeti lako hilo unalojiliza kila wiki."

"Shemeji, gazetini tena?"

"Redioni nilivaa shati."

Akanipa karatasi. Niliandika, na nisikufiche, nilikawia kuliko siku niliyosaini cheti cha ndoa. *Mimi niitwaye Vidole nakiri kwamba ile sauti haikuwa vidole. Ilikuwa kazi ya mkono wa shemeji yangu, fundi redio, na nilimnyima haki yake kwa miaka kumi na tisa.*

Alisoma mara mbili, akaongeza mkato mahali, akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, juu kabisa ya meza yake ya kazi. Akarudi hatua nyuma kuitazama. Macho yake yalilowa. Nami, niamini, nilijisikia mwepesi. Nikawaza, kumbe kukiri ni rahisi hivi, ningekiri mapema nikaokoa urafiki.

Kisha akalifungua gitaa.

"Waya hizi nani kazikata?"

"Mimi."

"Zote?"

"Ulitaka nibakishe ipi?"

Akajikuna shingo. Akawasha ile pasi yake ya kulehemu, moshi ukapanda, akaunga moja hapa, moja pale, akaibana swichi ya feni mahali pake. Tukachomeka. Namba moja, kimya. Namba mbili, gitaa likaanza kutoa taarifa ya hali ya hewa, likatutangazia mvua za rasharasha.

"Limenasa stesheni," shemeji akasema kwa sauti ya kitaalamu.

"Nasikia. Lakini ile sauti?"

"Taratibu. Kazi hii haitaki pupa."

Akafumua, akaunga upya. Safari hii likavuma kama nyuki kwenye mtungi. Mara ya tatu, likapigwa shoti na amplifaya ikazimika. Jua likawa linageukia upande wa pili wa barabara.

"Njoo kesho mapema," akasema, bila kunitazama. "Risasi hii ya kulehemia ya siku hizi ni feki."

Jumamosi saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwake. Amplifaya alishaifufua usiku, na saa tatu tulikuwa bado tunasikiliza nyuki. Saa tatu na robo nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, si uliunga mwenyewe? Fanya tu ulivyofanya."

"Miaka kumi na tisa, shemeji! Wewe unakumbuka mboga uliyokula juzi?"

"Nakumbuka. Sikula."

Kabla hajanijibu kivuli kikaingia mlangoni. Mke wangu. Kwenye mkono mmoja ana begi la nguo, kwenye mwingine ana mkasi wake wa kazi umefungwa kwa kitambaa. Mwanamke akihama na mkasi wake, ndugu yangu, hatembei tu.

"Saa sita haijafika!" nikapiga kelele.

"Nimewahi nipate chumba chenye dirisha nyumbani kwa kaka," akasema. "Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu," shemeji akajibu, na sijui kwa nini akajisogeza kuuziba ukuta kwa mgongo.

Mgongo wake haukutosha. Mke wangu aliiona karatasi. Akaweka begi chini, akamsogeza kaka yake kwa kiwiko, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale kwenye "kazi ya mkono wa shemeji yangu".

Akacheka. Wiki mbili sikusikia kicheko chake, nami mjinga nikafurahi. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika ghafla kama redio iliyochomolewa.

"Kaka, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie lile gitaa lilipoletwa ulikuwa wapi."

Shemeji akaiweka pasi ya kulehemu chini. Akaiokota. Akaiweka tena. "Nilitoka kidogo."

"Ulitoka siku tatu. Ulikwenda kufuata vipuri, ukarudi bila vipuri."

Mimi nilikuwa namtazama huyu, namtazama yule, kama mtu anayefuata mpira asiojua umeanzia wapi.

"Mke wangu, sielewi," nikasema.

"Huwezi kuelewa. Siku ile uliyokuja kulichukua, umesahau? Uliingia kwa mlango huu. Mimi nimekaa pale anapokaa kaka, gitaa liko mapajani, pasi ya kulehemu mkononi bado inatoa moshi. Ukanitazama usoni. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Nilikumbuka. Msomaji wangu, nilikumbuka papo hapo, na damu ikanishuka mpaka kwenye viatu visivyo na soli. Nilikuwa nikiisimulia siku ile kila tukiwa na wageni, kama hadithi ya mapenzi: nilivyoingia karakana nikakuta binti mzuri, nikajifanya naulizia kazi.

"Niliuliza fundi yuko wapi," nikasema.

"Fundi yuko wapi," akarudia. "Nikadhani unatania. Ukauliza mara ya pili. Nikakujibu ametoka."

Shemeji akaizima amplifaya, na nyuki nao wakakoma.

"Niliunga kwanza kama inavyotakiwa," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, si ya ugomvi. "Likalia kama magitaa mengine. Nikaona halina maana. Nikang'oa swichi kwenye feni ya mama, nikajaribu hivi, nikajaribu vile, siku mbili. Nilipoipata ile sauti nililia peke yangu hapo kwenye kigoda. Halafu nikawa nasimama nyuma ya jukwaa, nimebeba mtoto wako mgongoni, nasikiliza watu wakikushangilia vidole. Na kaka naye, kimyakimya, ananuna kwamba hakutajwa."

"Mdogo wangu, mimi sikuwahi kusema wazi kwamba..." shemeji akaanza.

"Ulinunua shati, kaka."

Shemeji akakaa. Wanaume wawili wazima, tumenuniana miaka kumi na tisa, mmoja akidai kaibiwa na mwingine akiona haya kwa wizi, na mali yenyewe ya mtu wa tatu aliyekuwa akitupitishia maji ya kunywa. Nilitamani darini kuanguke redio moja, nzito.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya kwenye namba mbili.

"Ungeniamini?"

Nikaitazama mikono yangu hii.

Lakini shida haina adabu, haingoji mtu amalize kutubu. Ukutani saa ilikuwa inakaribia nne. Nikapiga goti, kweli goti, kwenye vumbi la risasi na vipande vya waya.

"Mke wangu, nisamehe. Mengine nitayalipa maisha yangu yote. Sasa hivi iunge. Daktari yuko njiani, pesa ipo, ovaloki inarudi kabla ya saa sita. Ni waya tano tu!"

Aliliinua gitaa. Akalitazama nilivyolikwangua. Akatia kidole kwenye tundu, akazigusa zile waya moja moja, taratibu, jinsi anavyogusa kitambaa kabla ya kukikata, na nikajua hajasahau hata moja. Kisha akalilaza mezani.

"Kwanza ovaloki."

"Lakini ovaloki haitoki bila pesa, pesa haitoki bila sauti, na sauti..."

"Najua inatoka wapi," akasema. "Mara ya kwanza niliwapa bure. Safari hii ovaloki yangu iingie kwa mlango huu ndipo nishike chuma. Si ahadi, si kiapo. Ovaloki."

"Mdogo wangu, mfikirie na..." shemeji akajaribu.

"Wewe ondoa kwanza hiyo karatasi yenye jina lako."

Shemeji akanyoosha mkono ukutani. Karatasi ilikuwa imeshika barabara, gundi hiyo haikuwa feki. Alikuwa bado anaibandua kwa kucha ilipochanika katikati, likabaki neno "shemeji yangu" na kipande cha "kazi", na hapo ndipo tuliposikia gari likizimwa nje.

Daktari wa meno aliingia ameinamisha kichwa asigonge mlango, bahasha nene kwapani, taa yake imeshavaliwa tayari. Akatutazama watatu. Mimi nimepiga goti. Shemeji kasimama nyuma ya meza na aproni yake, kidevu juu, mkono haraka umerudi kwenye pasi ya kulehemu. Mke wangu kwenye kigoda, begi miguuni, mkasi mapajani.

Nikakumbuka alivyosema: akimwona fundi, atalipa hata kabla hajashika chuma. Ile bahasha ingefika kwa Bwana Bado kabla ya saa sita. Kilichotakiwa ni neno moja, kutoka kwangu, mimi niliyemwambia juzi kwamba niliunga kwa mikono yangu hii.

"Haya," daktari akasema. "Fundi yuko wapi?"

Shemeji akakohoa. Mke wangu hakukohoa, hakuinuka, hakusaidia. Alinigeuzia uso tu, akanitazama vilevile kama miaka kumi na tisa iliyopita, akisubiri.

Nikafungua mdomo. Na mdomo wangu mnaujua.